Bi mkubwa anaogopa milima na mahari inapelekwa Tukuyu, tunampitishaje Kitonga?

mkwe_mtarajiwa

Wakuu habari za humu. Naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumebishana wiki nzima mpaka imekuwa ugomvi.

Iko hivi, mwezi wa nane tunapeleka mahari Tukuyu, bwana harusi ndio mimi. Sisi asili yetu Kisarawe ila tunakaa Kibaha, bi mkubwa ana miaka 64, ana presha ya kawaida anakunywa dawa, na milima anayoijua yeye maisha yake yote ni ile ya Pugu. Mara moja tu tulienda naye msibani Lushoto. Tulipokata pale Mombo kuanza kupanda kwenda Soni, wanaoijua wanaijua, njia nyembamba upande huu mwamba upande ule korongo, akaanza kusoma kila dua anayoijua, baadae akapiga kelele simamisha gari. Akashuka. Akavua viatu, akatembea huku anapapasa ule mwamba kama anatafuta mlango, sisi tunamfuata na gari nyuma taratibu na taa tumewasha, watu kwenye bodaboda wanatuangalia. Alitembea kama nusu saa nzima. Kurudi ilibidi tumuweke katikati ya shangazi zangu wawili na kanga kichwani.

Sasa mtu mmoja kwenye familia, sitaki kumtaja, kamwambia kwamba njia ya Mbeya kuna kitu kinaitwa Kitonga ambacho Soni kwake ni tuta. Toka siku hiyo bi mkubwa anasema mahari mpelekeni tu mimi nitawaombea nikiwa hapa. Na kwa kwetu mama asipokwenda inaonekana kama hajaridhia, na upande wa mwenzangu wameshaulizia mara mbili kama mama anakuja.

Gari tunayo, Noah, tutakuwa watu saba. Dereva aliyepangwa ni anko wangu ambaye kwa kweli ni mtu wa spidi. Ndege msinishauri, anasema ndege ni Kitonga isiyokuwa na ardhi. Je kuna njia ya kufika Tukuyu bila kupita hiyo milima? Na kama hakuna tunafanyaje? Naomba kuwasilisha.

kidonge_cha_asubuhi

Hii mbona rahisi mkuu. Mpeni piriton mbili mkifika Mikumi, atashtukia yuko Iringa anauliza mbona baridi 😂😂

MamaWawili

@kidonge tafadhali usicheze na wazazi wa watu. Mama wa miaka 64 mwenye presha na dawa zake anazokunywa huwezi kumuongezea vidonge vya kumlaza kwa sababu tu nyie mnataka kuwahi, akauliza daktari wake kwanza kama ni lazima. Halafu fikiria mtu anaamka katikati ya kona amezungukwa na malori, hajui yuko wapi, mdomo umekauka. Hapo ndio hamtampandisha gari tena mpaka anaingia kaburini.

Mleta mada, kitu kimoja nakuomba, msimdanganye. Msimwambie "hakuna mlima mama ni kiinuko tu". Akishajua mmemdanganya mara moja hata mkimwambia tumefika hataamini.

treni_tu

Kwani TAZARA imekufa? Dar mpaka Mbeya reli ipo tangu miaka ya 70, mnapanda pale Dar mnalala mnashuka Mbeya, kutoka hapo mnachukua gari mpaka Tukuyu kama kilomita 70. Hakuna Kitonga hakuna mlima Iyovi hakuna semi. Ila uende stesheni uulize mwenyewe ratiba ikoje kwa sasa, hiyo treni ya abiria kuna vipindi inasimama na kuna vipindi inachelewa masaa ya kutosha, usipange mahari Jumamosi ukapanda treni ya Ijumaa.

mkwe_mtarajiwa

@treni_tu hili wazo tulikuwa nalo, na mi mwenyewe nalipenda. Tatizo ni hizo masaa, wale wazee wa kule wamepanga siku na ng'ombe wameshaongelewa, nikichelewa siku nzima mchumba wangu ndio ataaibika. Kingine, nasikia nayo inapita milimani?

treni_tu

Inapita mkuu, siwezi kukuficha. Kutoka Mlimba kupanda Makambako ndio kipande Wachina walichohangaika nacho kuliko chote, mahandaki na madaraja yamefuatana, kuna daraja la mto Mpanga nguzo zake zinakwenda juu kama mita 50 hivi. Ukilichungulia dirishani mchana roho inaruka. Ila mara nyingi mnapita hapo gizani na yeye amelala kitandani, na kwenye treni hakuna mtu anayeovateki, hiyo peke yake ni nusu ya amani.

pitia_dodoma

Mkuu njia ipo na watu wanakazania Kitonga tu kwa mazoea. Mnapanda SGR Dar mpaka Dodoma, masaa matatu na nusu manne mmefika, bi mkubwa amekaa kwenye kiti anakunywa juisi. Gari mnamtanguliza anko nayo peke yake akawasubiri Dodoma. Kutoka hapo mnakamata barabara ya Mtera kwenda Iringa, lami safi kama kilomita 260, Kitonga hamuioni hata kwa ndoto. Malori ya Zambia na Kongo hayapiti huko mengi kama ile njia kubwa. Mtera mnanunua samaki. Au kama mna muda zaidi Dodoma Manyoni Itigi Rungwa Chunya mnatokea Mbeya.

mwana_ilula

@pitia_dodoma umeongea vizuri ila Nyang'oro umeiruka kwa makusudi au hujawahi kupita? Ukitoka Mtera, ukipita Migori na Izazi, mbele unakutana na mlima Nyang'oro na kona zake, wenyeji wanaujua. Ni mfupi kuliko Kitonga na kweli malori ni machache, ila ni mlima na korongo lipo. Na hiyo ya Chunya ndio usimtajie kabisa huyo mama, achana na vumbi la Itigi huko, ukitoka Chunya kuingia Mbeya unapanda mpaka unazidi mita 2,400 juu ya bahari. Hapo ndio atashuka atembee mpaka Mbeya.

Wakuu mi nimezaliwa Ilula, juu kidogo tu ya Kitonga, ngoja niwaeleze kitu ambacho watu wa pwani huwa hawakielewi. Iringa na Mbeya sio miji yenye milima njiani, ni miji iliyoko JUU. Ruaha Mbuyuni pale wanapouza vitunguu bado uko chini, mita hazifiki mia saba, joto kama Dar, ukifika Iringa mjini umeshazidi 1,500. Katikati hapo lazima upande mahali. Ni kama nyumba ya ghorofa, unaweza kuchagua ngazi ya mbele au ya nyuma ila kufika sebuleni ni kwa ngazi tu. Ngazi ya kwanza Kitonga. Ya pili Nyang'oro. Ya tatu uzunguke Lindi Masasi Tunduru Songea, zaidi ya kilomita elfu, ukitoka Songea kuja Njombe unakutana na Lukumburu, nayo sio mchezo. Hakuna njia ya tambarare, anayekwambia ipo anakuuzia.

Kwa hiyo swali lako la kwanza jibu ni hapana, na ni vizuri mama aambiwe hivyo. Bora mhangaike na la pili.

Na Kitonga yenyewe msiifanye zimwi. Ni kilomita saba nane hivi, lami nzuri, pembeni kuna kingo sehemu nyingi, msitu umefunga na nyani wamekaa barabarani wanaomba ndizi kama matrafiki. Ukipanda vizuri ni dakika ishirini mpaka nusu saa ikitegemea malori. Sisi tulikuwa tunapanda juu ya Fuso la nyanya tunaimba.

mwoga_wa_kona

Mie nimesoma huu uzi wote mkono uko kifuani maana huyo mama ni mimi. Mie mtu wa Unguja, nimezaliwa kwenye kisiwa ambacho hata tuta la barabarani tunalishangaa, nimeolewa na Mhehe, kila mwaka lazima niende ukweni mara moja au mbili, hiyo Kitonga nimeshaipita mara kumi na kitu na bado naiogopa. Ila sasa naipita nikiwa nimekaa kitako, zamani nilikuwa nalala chini kwenye miguu ya watu.

Jamani watu wasioogopa hawajui hili jambo liko wapi. Wao wanadhani tunaogopa kuanguka. Mie nikikaa pembeni ya dirisha nikaona bonde, tumbo linavutika kuelekea kule kule bondeni, kama kuna mtu ananivuta kwa kamba, mikono inatoka maji, halafu kichwani nakuwa naliendesha lile gari mie mwenyewe wakati usukani hauna mkono wangu. Kinachonimaliza sio mlima, ni kwamba sina la kufanya na aliyeshika usukani anapiga stori na simu. Na watu wakinicheka ndio inazidi. Mume wangu mwaka wa kwanza alikuwa ananiambia "usiangalie chini", sasa ukishaambiwa usiangalie chini utaangalia wapi?

Mambo yaliyonisaidia mie nitayasema kama yalivyo, mengine mtayaona ya kitoto.

Tulikubaliana neno moja. Nikisema "taratibu" yeye anapunguza pale pale, hajibu, haulizi, hanichekeshi. Mara ya kwanza nililisema kama mara hamsini, nakwambia mlima mzima taratibu taratibu kama kanda iliyokwama, na yeye maskini akawa anapunguza tu. Safari ya tatu nikalisema mara nne. Nikishajua nikisema gari linatii, sina haja ya kusema.

La pili ni siti. Dirishani hapana. Kwenye Noah mie nakaa siti ya katikati, katikati kabisa, naangalia mbele kupitia kioo cha dereva. Kuna wanaosema mbele ndio kuzuri kwa sababu huchafukwi na roho, ni kweli kwa kichefuchefu, ila kwa mtu wa korongo mbele ni kama kukalishwa kwenye balkoni. Na kujifunika kanga usoni kwangu mie kulinizidishia, unasikia kona bila kuiona, mwili unadhani umeshaanguka. Mama akitaka kujifunika mwacheni, ila asilazimishwe.

Tatu muda. Niambie "sasa tunaanza, ni dakika ishirini na tano, juu kule tutasimama". Mie naangalia saa, naona zinapungua. Mtu akiniambia "bado kidogo tu" naweza kumng'ata.

Nne nipe kazi. Mie nahesabu malori yanayoshuka. Mara ya mwisho yalikuwa 61. Mama mpeni tasbihi yake au mtoto ambebe.

Na tangawizi mbichi ya kutafuna, na asile chapati za mafuta Mikumi.

mkwe_mtarajiwa

Dada wa Unguja Mungu akubariki, nimemsomea bi mkubwa ulichoandika neno kwa neno. Pale kwenye "kama ananivuta kwa kamba" akaniambia simama hapo hapo rudia tena. Akasema "huyo ndio anajua, nyie wengine mnanifanya mtoto". Alikaa kimya muda mrefu halafu akauliza huyo mumewe dereva ana ndugu yake 😂

suka_mstaafu

Nimeendesha semi Dar kwenda Lubumbashi miaka 19 kabla magoti hayajagoma. Nimesoma yote, mmeongelea siti mmeongelea vidonge mmeongelea treni, na wote mnaongelea KUPANDA. Kijana hebu nijibu, mahari mkishapeleka hamrudi?

Kupanda Kitonga hata gari mbovu inapanda, ikishindwa inasimama. Wanaokufa wengi ni wa kushuka. Kwa hiyo huyo mama msimtibu mkafurahi mmefika Iringa, kazi iko siku ya kurudi na siku hiyo ndio wote mmechoka mmeshiba na anko anawahi kazini Jumatatu.

Kuhusu anko nitasema wazi. Mtu wa spidi hafai kwenye hii safari hata kama gari ni yake. Tafuteni dereva aliyeizoea njia ya Tunduma, mlipeni. Kama hamna hela ya dereva basi anko aendeshe Kibaha mpaka Mikumi huko kwenye tambarare, akutane na tochi za vijijini zimfundishe adabu ya hamsini, kutoka Mikumi ashike mtu mwingine mtulivu.

Halafu watu wanasema Kitonga Kitonga wanasahau Iyovi. Ukishatoka Mikumi mjini kabla hujaingia bonde la mibuyu kuna mlima Iyovi, una kona na una historia mbaya ya ajali. Mi nawashauri muutumie kama mazoezi. Mwambieni mama hapa panaitwa Iyovi, hii ni Kitonga ndogo, tuone neno lenu la "taratibu" linafanya kazi au la. Akivuka Iyovi anapata bonde la mibuyu, kilomita nyingi za kupumua, mto uko pembeni, pazuri sana pale, halafu Ruaha Mbuyuni mnasimama anakunywa chai, anaswali kama ni saa yake. Hapo ndio mnaanza mlima akiwa ametulia.

Kupanda: Noah yenye watu saba na mabegi na mchele wa mahari ni mzigo. Kabla ya safari fundi aangalie rejeta, kulanti, feni na mkanda, maana kuchemsha katikati ya Kitonga ndio kumwambia mama "karibu ukae hapa korongoni masaa mawili". Zima AC ukianza kupanda, fungua vioo. Ukikuta roli mbele linatambaa kama kinyonga tambaa nalo, acha nafasi kubwa kwa nyuma, likikosa nguvu linaweza kurudi nyuma na dereva wake hakuoni. Kuovateki kwenye kona hapana, hata konda wa basi la nyuma akikutukania mama yako, na mama yako yuko ndani anasikia. Ukiona matawi ya miti yamelazwa barabarani ujue mbele kuna gari limekufa, punguza saa hiyo hiyo usisubiri kuliona.

Kushuka: sikilizeni sana hapa. Unaweka gia nzito KABLA mteremko haujaanza sio katikati. Manual, gia ambayo ungepandia ndio hiyo hiyo unayoshukia. Auto, toa D weka 2 au L, injini ndio ikushike. Breki unakanyaga kwa nguvu kidogo, spidi inapungua, unaachia inapumua, sio unaikalia mguu kutoka juu mpaka chini, breki ikishapata moto unakanyaga inakuwa kama sponji na hapo hata uwe sheikh au mchungaji ni kelele tu. Ukisikia harufu kama ya plastiki inaungua tafuta sehemu pana ya kusimama, usimwagie maji, subiri zipoe. Na kuachia free ili kubana mafuta, nimeona watu wazima na akili zao wanafanya hivyo Kitonga, nikawaona tena kule chini.

Na mkiwa mnashuka mkaona roli zito liko nyuma yenu linakuja na linapiga honi, msibishane nalo, kaeni pembeni lipite. Sisi huwa hatupigi honi mlimani kwa raha.

anko_wa_mtu

Hivi kwa nini kila familia anko ndio mbaya

suka_mstaafu

Kwa sababu ndio mwenye funguo

kajunjumele_home

Mwagona wakwe! Naona mmeishia Iringa wote kama vile Tukuyu iko Ipogolo. Ngoja mwenyeji niwamalizie.

Iringa mpaka Makambako raha tupu, Mafinga misitu ya misonobari pande zote, vilima vya kawaida ambavyo hata mama hataviona. Mwezi wa nane ila baridi ya Mafinga na Makambako inauma, bebeni masweta sio kanga tu. Makambako mnateremka pole pole kwenda Igawa mpaka Chimala, Usangu tambarare, mpunga. Pale Chimala mkiangalia kushoto mtaona ukuta wa mlima na njia imejikunja kunja kwenda Matamba, watu wanasema kona 57, MSIMUONYESHE MAMA. Hampiti huko.

Kisha mnaanza kupanda tena, Inyala hapo muwe na adabu kwa sababu ya malori, halafu Uyole. Mjini Mbeya hamna haja ya kuingia. Uyole mnakata kushoto kwenda Tukuyu, mnapanda Igawilo, mnaenda juu mpaka Isyonje. Hiki kipande ndicho nataka mjipange nacho, sio kwa sababu ya makorongo, ni ukungu. Jioni unaweza kushuka pale Isyonje hadi taa ya gari la mbele inakuwa kama sigara ya mtu. Mama akiingia huko saa kumi na mbili jioni amechoka, kazi yote ya Kitonga mmeimwaga. Piteni mchana, saa nane saa tisa. Mchana ni kijani tu, viazi Ntokela, migomba, chai, mlima Rungwe umekaa pembeni, barabara inazunguka zunguka lakini pembeni ni mashamba ya watu na nyumba, sio shimo. Hapo hata mwoga anafungua kioo.

Na tarehe muangalie Nane Nane. Maonyesho yanakuwa Mbeya, wiki hiyo Uyole foleni na gesti zinajaa. Wiki ya pili yake ni nzuri zaidi.

mwana_ilula

Naongezea la kulala. Msijaribu Kibaha mpaka Tukuyu kwa siku moja na huyo mama, ni zaidi ya kilomita 800. Mi ningefanya hivi: siku ya kwanza mnatoka asubuhi bila haraka, mnalala Mikumi mjini. Siku ya pili mnaamka mapema mnapita Iyovi, Kitonga mnakuwa hapo saa tatu saa nne asubuhi kabla mabasi ya kutoka Dar hayajafika, maana yale yakifika na malori yapo ndio mtafutano. Mchana mko Iringa, mnalala. Ni kakipande kafupi lakini mama amefanya kazi kubwa siku hiyo, mpeni apumzike. Siku ya tatu asubuhi Iringa mpaka Tukuyu mnafika mchana bado. Kurudi hivyo hivyo kwa kugeuza, Kitonga asubuhi na sio usiku hata siku moja.

Na hifadhini Mikumi barabara kubwa inapita katikati kama kilomita 50, mwendo fuateni kibao, mkigonga mnyama mnalipa. Mwambieni mama atafute twiga, hiyo ni kazi nyingine ya kumpa.

kidonge_cha_asubuhi

Naomba radhi kwa ile ya piriton. Mi mwenyewe nilivyopita Kitonga mara ya kwanza nilijifanya nimelala 🙏

mkwe_mtarajiwa

Wakuu marejesho. Jana tulikaa kikao, bi mkubwa akiwa mwenyekiti. Amekubali kwenda, kwa masharti yake na amenambia niyaandike hapa ili nyie muwe mashahidi.

Anko hashiki usukani kuanzia Mikumi. Anko amenuna ila amekubali, anasema atakaa nyuma kabisa na mabegi. Tumepata kijana jirani ambaye anaendesha magari ya kampuni kwenda Tunduma, bi mkubwa kamuita, kamkalisha kibarazani kamuhoji kama anaoa yeye. Alimuuliza ukishuka mlima unaweka gia gani, yule kijana akajibu sawa sawa na alivyosema mzee suka, hapo ndio akapita.

Neno limechaguliwa. Sio "taratibu", yeye anasema hilo atasema hata barabara ikiwa sawa. Neno ni "Kisarawe". Akisema Kisarawe gari linapunguza.

Atakaa katikati, shangazi mmoja kila upande kama ile ya Lushoto. Na akitaka kushuka kutembea ashushwe. Hili la mwisho ndio sijui nimjibuje.

suka_mstaafu

Hilo mkatalie kwa heshima. Soni mtu anaweza kutembea, Kitonga pembeni hakuna pa kukanyaga na roli likiwa kwenye kona halikuoni. Mwambie akitaka kushuka atashuka pale chini kabla ya kuanza na pale juu tukimaliza, katikati gari litasimama tu sehemu pana dereva akiona ni salama, na yeye atakaa humo humo ndani mpaka apumue. Mama anayehoji dereva gia atakuelewa.

mkwe_mtarajiwa

Amekuelewa mzee wangu. Ila la kurudi kalikataa kabisa kuliongelea. Anasema yeye akishapanda hashuki tena, atakaa Tukuyu kwa wakwe zangu mpaka SGR ifike huko ndio aje kuchukuliwa.

treni_tu

SGR inaelekea Mwanza mkuu 😂😂😂

kajunjumele_home

Mwacheni mama wa watu, ndizi zipo na maziwa yapo. Ndaga fijo (asanteni sana), karibuni sana.

suka_mstaafu

Noah ni auto au manual? Na mafuta ya breki yalibadilishwa lini?

mkwe_mtarajiwa

Auto mzee. Mafuta ya breki sijui, nimuulize anko.

suka_mstaafu

Usimuulize anko. Peleka kwa fundi Jumamosi hii.